Unashika nini kazini? Swali la kuuliza nyumbani leo

SEHEMU YA 1: "Sina kazi, nesi, mama wa nyumbani tu"

Akina mama wenzangu, na ninyi akina baba mnaosomaga kimya kimya bila kukomenti, nawaona.

Wiki hii tuongee kuhusu kemikali za kazini. Najua kuna ambao washaanza kusema hayo ni mambo ya viwandani Dar es Salaam, sisi wa Musoma, Bunda na Butiama yanatuhusu nini. Nivumilie kidogo, dada. Mpaka Ijumaa utaona kwamba jambo lenyewe linalala nyumbani kwako na linafuliwa kwenye beseni lako.

Nianze na swali tunalouliza kliniki. Mama akija mara ya kwanza na ujauzito tunamuuliza jina, umri, mimba ya ngapi, na kazi anayofanya. Majibu ya kazi yanafanana sana: mkulima, mfanyabiashara ndogondogo, au "sina kazi, nesi, mama wa nyumbani tu." Tunaandika, tunaendelea na presha.

Sasa mimi nina tabia ya kuuliza mara ya pili, maana nimezaliwa huku na najua watu wa huku wanavyoishi. Nikisema, "Haya mama, jana toka asubuhi mpaka jioni ulifanya nini?", hapo ndipo habari inapotoka. Jana alikuwa kwenye karasha anachambua mawe. Au alikuwa mwaloni anaosha mchanga wa dhahabu, ndoo kwa ndoo. Au alimchotea maji mume wake apulizie pamba. Au alikuwa saluni anaweka watu dawa za nywele, chumba kina dirisha moja. Haiti ni kazi kwa sababu hakuna aliyemwajiri na hakuna karatasi aliyosaini. Mkono lakini umeshika, na pua imevuta.

Shida ya kwanza ndiyo hiyo. Mtu ambaye hahesabiwi kuwa mfanyakazi, hakuna anayekumbuka kumwambia hatari ya kazi yake.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo ninayotaka uondoke nayo wiki hii. Hata pale mfanyakazi anapoambiwa, habari inaishia kazini lakini kemikali inarudi naye nyumbani. Inarudi kwenye suruali, kwenye nywele, kwenye ndoo aliyoazima na kwenye karai. Anayefua hakuambiwa, na mtoto anayemkimbilia baba mlangoni hakuambiwa.

Tuna msemo kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwenye kemikali tuugeuze: asiyejua ndiye wa kuambiwa kwanza.

Kesho nitawaambia habari za mdogo wangu. Nimemwomba ruhusa, kakubali kwa sharti nisitaje jina lake wala machimbo anayofanyia.

SEHEMU YA 2: Karai la mama

Mdogo wangu ni mchimbaji upande wa Butiama. Kama unaijua Mara vizuri, unajua Buhemba na vijiji vinavyoizunguka vina historia ndefu ya dhahabu, na siku hizi ukipita huko, kama ukipita Kinyambwiga upande wa Bunda, utakuta vijana wengi wanaoishi kwa duara na karasha. Siwasemi vibaya hata kidogo. Hela hiyo imesomesha watu na imeezeka bati nyumba nyingi, ikiwemo ya mama yangu.

Kwa ambao hamjawahi kufika, kazi yenyewe iko hivi. Jiwe linatolewa ardhini, linasagwa kwenye karasha mpaka linakuwa unga. Unga unaoshwa kwa maji ili ule mzito ubaki. Kwenye ule mzito wanamwaga zebaki, ile madini ya kimiminika inayong'aa kama fedha. Zebaki inashikana na chembe za dhahabu, inakuwa donge. Donge linakamuliwa kwenye kitambaa kwa mikono, zebaki iliyozidi inatoka, kisha linachomwa motoni. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki.

Swali ni hili: ule mvuke unaenda wapi?

Mwezi wa sita nilienda nyumbani kumsalimia mama. Jioni mdogo wangu akarudi na donge dogo kwenye karatasi, saizi ya punje ya mahindi. Hakutaka kulichomea kule kazini, maana ukichoma mbele ya watu kila mtu anajua umepata kiasi gani. Akavuta jiko la mkaa mlangoni mwa jikoni, akachukua kijiko cha zamani, akaanza. Mke wake, mimba ya miezi minne, amekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka pale anachambua dagaa. Mtoto wao wa miaka miwili anazunguka.

Nikamwambia, "Toa hilo jiko hapa."

Akacheka. "Dada, umeanza unesi wako."

Nikainuka mwenyewe nikawatoa mama mtu na mtoto mpaka nyuma ya nyumba, upande upepo unakotokea. Mama yangu akaniuliza kwa nini namvunjia mwanaume heshima mbele ya mke wake. Ikawa ugomvi, niwe mkweli kwenu.

Baadaye, chakula kimeliwa, nikamuuliza taratibu. "Nani alikufundisha kushika zebaki?"

"Nilimwangalia mwenzangu."

"Na yeye?"

"Naye alimwangalia mtu."

"Inauzwaje?"

"Kwenye kachupa kadogo. Mwenye karasha anatupimia."

"Kachupa kana maandishi?"

"Hapana. Maandishi ya nini? Kila mtu anajua hiyo ni zebaki."

"Haya, inafanya nini mwilini?"

Akafikiri. "Wanasema ukiimeza inakuua. Lakini sisi hatuimezi."

Akina mama, jibu hilo lilinikalia kichwani usiku mzima, kwa sababu limegeuza kitu chini juu. Zebaki ya kimiminika ukiimeza, sehemu kubwa sana inapita tumboni na kutoka na choo; mwili unachukua kidogo mno. Ule mvuke ndio hatari. Ukivuta mvuke wa zebaki, kama asilimia 80 yake inabaki mwilini. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Mdogo wangu aliogopa mlango ambao hauna shida sana, akauacha wazi ule unaoua. Si mjinga. Ana kidato cha nne, hesabu za dhahabu anazipiga kichwani kuliko mimi. Ila kwa miaka mitano yote hakuna mtu aliyemwambia habari nzima.

SEHEMU YA 3: Gramu moja ya chuoni

Nikiwa chuo cha uuguzi tulitumia vipimajoto vya kioo, vile vya zebaki. Mwalimu alitufundisha kwamba kimoja kikivunjika wodini, unatoa watu, unafungua madirisha, hufagii kwa ufagio kwa sababu ufagio unaisambaza, unakusanya vile vipira vidogo kwa karatasi mbili na kuvifunga kwenye chombo chenye mfuniko. Yote hayo kwa zebaki ya kama gramu moja hivi.

Mdogo wangu anashika zaidi ya hiyo kwa siku moja, kwa mkono mtupu, halafu anauchoma mvuke mlangoni mwa jikoni. Mimi na yeye tumenyonya titi moja. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliambiwa.

Angalia hata leo kazini kwangu. Ndoo ya klorini ina maandishi: klorini asilimia 0.5, imechanganywa lini. Glovu zipo. Chombo cha formalini kina lebo na mfuniko wake unafungwa. Si kwamba manesi tuna akili kuliko wachimbaji. Kuna mtu aliandika, akabandika, akatufundisha, na tukikosea kuna wa kutuuliza.

Sasa sikilizeni kisa cha nchi ya mbali, kinafundisha kuliko semina.

Mwishoni mwa mwaka 1971 Iraki iliagiza ngano na shayiri za mbegu kutoka nje. Mbegu zilipakwa dawa ya zebaki ili zisioze ardhini, na zikatiwa rangi nyekundu kuonyesha si za kula. Magunia yalikuwa na onyo, ila liliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wa vijijini walisoma Kiarabu, na wengi hawakusoma kabisa. Kuna walioziosha, rangi ikatoka, wakaamini sumu imetoka. Kuna waliowapa kuku kwanza, wakaona kuku wazima baada ya siku kadhaa, wakaoka mkate. Zebaki ya aina hiyo haionyeshi makali yake siku ya kwanza, inachukua wiki. Waliolazwa hospitali walizidi 6,500, na waliofia hospitalini walikuwa 459. Watoto waliozaliwa na mama waliokula ule mkate, wengi walizaliwa na ubongo umeumia.

Onyo lilikuwepo, akina mama, limeandikwa vizuri kabisa kwa lugha ambayo mpishi haisomi.

Kabla ya hapo, mji wa Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga majitaka yenye zebaki baharini. Samaki wakabeba, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini mpaka 1968 ndipo serikali ilipotamka chanzo chake. Miaka 12. Na kuna jambo ambalo sisi wa wodi ya wazazi hatutakiwi kulisahau: walikuwepo mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, wakazaa watoto walioathirika vibaya. Mtoto ndiye aliyebeba mzigo.

Ile zebaki ya Iraki na Minamata si sawa na mvuke wa dhahabu. Ile ilipita kwenye chakula, hii inapita kwenye pumzi. Ila zote mbili zinajua njia ya kufika kwa mtoto aliye tumboni.

Dalili za mtu anayevuta mvuke wa zebaki kidogo kidogo kwa muda mrefu ni hizi: mikono kutetemeka (mwambie aandike jina lake, utaona), kukosa usingizi, hasira za haraka ambazo hakuwa nazo, kusahau, ufizi kuuma, na figo kuharibika taratibu bila kelele. Wengi huku wanasema ni pombe, au ni kurogwa, au "kabadilika tu tangu apate hela." Na mtu akivuta mwingi kwa mara moja kwenye chumba kilichofungwa, anapata kikohozi, kifua kinabana, homa, kupumua kwa shida. Huyo awahishwe hospitali saa hiyo hiyo, mapafu yake yanaweza kuharibika ndani ya siku chache na akafa.

Mtoto mdogo yuko hatarini zaidi kwa sababu anapumua haraka kuliko mkubwa, ubongo wake bado unajengwa, na anatambaa sakafuni. Vile vipira vya zebaki vikianguka kwenye nyufa za sakafu vinaendelea kutoa mvuke hata bila moto, siku baada ya siku.

SEHEMU YA 4: Neno "dawa" linavyotudanganya

Jana mlinijazia inboksi. Mama mmoja wa Bunda kaandika, "Nesi, sisi hatuna dhahabu, sisi tuna pamba." Sawa, mama, leo ni zamu yako.

Tuna tatizo la lugha. Kliniki nakupa dawa, mtoto anapona. Dukani unauziwa dawa ya pamba, dawa ya panya, dawa ya mchwa, dawa ya kupe. Neno ni lile lile. Mtoto wa miaka mitatu ameshajua kwamba dawa ni kitu mama anakupa kwenye kijiko ili upone. Halafu tunaimimina kwenye chupa ya soda kwa sababu tumenunua ya kugawana, tunaiweka chini ya kitanda. Naomba nyumbani kwako uanze leo kuiita sumu: "Sumu ya pamba iko juu, usiguse." Kubadilisha jina hakuna gharama.

Sumu nyingi za wadudu zinaingia kupitia ngozi, hata usipoimeza. Baba akipuliza siku nzima na bomba linavuja mgongoni, shati lile limelowa sumu. Ukilitupia kwenye beseni moja na nepi za mtoto, umezigawa. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, beseni lake peke yake, na ikiwezekana aliyezivaa azifue mwenyewe. Maji yake yasimwagwe kisimani wala ziwani. Mjamzito na anayenyonyesha wasichanganye sumu, wasichote na kupimia, wasiingie shambani siku hiyo ya kupuliza.

Chupa halisi ina mkanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, inafuata njano, kisha bluu, na kijani ni ya chini. Kijani haimaanishi unaweza kunywa! Ukiuziwa kwenye chupa isiyo na lebo, umenyimwa habari yote hiyo kwa ajili ya kuokoa shilingi chache.

Mtu aliyepata sumu ya wadudu anaweza kutoka mate mengi, jasho, machozi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya pini, misuli kuchezacheza, kupumua kwa shida. Fanya hivi:

Mtoe pale alipo, awe kwenye hewa safi.

Mvue nguo zote zilizolowa, muoshe kwa maji mengi na sabuni. Wewe mwenyewe jikinge mikono, hata kwa mifuko ya plastiki.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mayai. Hii ni kwa mafuta ya taa pia.

Mpeleke kituo cha afya haraka, NA UJE NA CHUPA. Chupa ndiyo inayotuambia tunapambana na nini. Bila chupa tunakisia wakati mtoto anazidi kuzama.

Hapo kwenye maziwa najua nimewagusa wengi. Huku kwetu mchomeleaji anakunywa maziwa, mpaka rangi anakunywa maziwa, mchimbaji anakunywa maziwa "kuua sumu." Maziwa ni chakula kizuri, mnywe kwa afya. Ila mvuke uko kwenye mapafu na maziwa yanaenda tumboni. Hawakutani. Na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa zebaki, unapita kama hewa.

Wa Musoma mjini, msijifiche. Fundi betri anashika risasi na asidi. Mavumbi ya risasi yanarudi nyumbani kwenye nguo na yanaharibu ubongo wa mtoto. Dada wa saluni, fungua madirisha, vaa glovu. Na wewe unayesafisha choo kwa Jik, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Inatoa gesi ya sumu, na choo chenyewe ni kidogo.

SEHEMU YA 5: Maswali matano ya leo usiku

Leo tunamaliza. Wengi mmeuliza, "Nesi, hivi sheria inasemaje?"

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na kumweleza hatari zilizopo kwenye kazi yake, na wanaoisimamia ni OSHA. Mwaka huo huo wa 2003 ilitungwa pia sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, uliopewa jina la mji ule wa Japani. Mkataba huo unataka nchi zenye wachimbaji wadogo zikomeshe kuchoma donge la zebaki hewani, na unataja waziwazi kuchoma kwenye makazi ya watu. Unataka pia kuwe na mkakati wa kuwalinda watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, hasa wajawazito, na wa kuwafikishia habari wachimbaji na jamii inayowazunguka. Soma tena hapo, mama. Jamii inayowazunguka ni wewe.

Lakini mkaguzi hawezi kuja kila jioni kwenye kila jiko la mkaa la Butiama. Mdogo wangu hana mwajiri wa kumbana. Mwenye duara anamlipa kwa mgao wa mawe. Kwa hiyo wakati tunasubiri semina, mtu wa kuuliza awe wewe. Uliza kwa upole, akishakula, si mbele ya wageni. Nimejifunza hilo kwa mama yangu.

1. Unashika nini kazini? Jina lake hasa.

2. Inakuja kwenye chombo gani, na kina maandishi au picha gani? Fuvu na mifupa ni sumu kali. Picha ya mtu mwenye kitu kama nyota kifuani ni madhara ya muda mrefu, yale yasiyoonekana leo. Zebaki inabeba zote mbili, na ile ya samaki aliyekufa na mti, maana yake inaharibu mazingira.

3. Inaingiaje mwilini: kwa pumzi, ngozi au mdomo? Hili ndilo swali ambalo mdogo wangu hakuwahi kuulizwa.

4. Nani aliyekufundisha kuitumia?

5. Unarudi na nini nyumbani? Nguo, viatu, karai, ndoo, kijiko.

Kama jibu ni zebaki, haya ndiyo ya kusimamia bila mjadala. Isichomwe ndani, jikoni wala uani. Ichomwe mbali na makazi, kwa kutumia chombo maalumu cha kuchomea kilichofungwa, kinachorudisha mvuke kuwa zebaki tena. Hapo hata hela inaokoka, maana zebaki nyingi inarudi na inatumika tena. Ukimwambia mchimbaji habari ya hela anasikiliza. Chombo kilichowahi kugusa zebaki kisirudi kwenye chakula hata ukikisugua kwa majivu. Nguo za kazi zibaki kazini au zifungwe kwenye mfuko wake. Aoge kabla ya kumbeba mtoto. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasiwepo kabisa wakati wa kukamua na kuchoma.

Kama tayari umekuwa ukivuta mvuke, usiogope, na usiache kunyonyesha kwa sababu ya post hii. Kwanza jitoe kwenye chanzo. Mwili unapunguza zebaki taratibu kwa wiki na miezi ukiacha kuongeza. Pili, njoo kliniki utuambie. Usingoje nikuulize mara ya pili. Sema, "Nesi, naosha dhahabu," au "mume wangu anachomea nyumbani." Tutaandika kwenye kadi, tutakupima mkojo kuangalia figo, na daktari ataamua kama kuna haja ya kipimo cha zebaki chenyewe, ambacho hakipatikani zahanati. Na wale wanaouza vidonge vya "kusafisha sumu zote mwilini," hela yako nunua samaki. Sato na dagaa endelea kula, ukiwa mjamzito ndiyo usiwaache.

Wengi mmeniuliza mdogo wangu ameishia wapi. Hajaacha kazi, na sikumwambia aache. Nani angelisha ile nyumba? Hajanunua chombo cha kuchomea. Anasema watachanga wenzake wanne wanunue kimoja, na mpaka Jumapili iliyopita walikuwa wamechanga watu wawili. Nyumbani hachomi tena. Yule kijiko mke wake alikitupa chooni bila kumuuliza mtu, na karai la mama limeandikwa kwa rangi nyekundu, KAZI, linakaa nje. Wifi yangu anatarajia mwezi wa kumi na moja. Tulichokwishaepusha na tulichochelewa, sitajua mpaka mtoto akue, na yeye anajua hivyo. Kila nikimpima tumbo ananiuliza kama mapigo ni mazuri. Ni mazuri.

Jana kanipigia simu jioni. Kaniambia majirani watatu walikuja kuuliza lile karai lina nini mpaka liandikwe. Akawaelezea yote, ya pumzi na ya mvuke, mpaka ugali ukapoa.

Uliza leo, mama. Kisha niandikie umejibiwa nini. Usitaje mahali wala jina la mtu, niambie tu: anashika nini, na kachupa kana maandishi au hakana. Wiki ijayo tunaanza chanjo.

Nesi wenu, Mara.